Toleo la Tisa

Tulipomaliza kumzika Mama Leokadia kule Ulyankulu, wanawake wa jumuiya yake walitupakulia ugali wa muhogo na maharage nyuma ya nyumba, na Devota, binti yake, akanishika mkono tukakae wawili kwenye jamvi la pembeni. Hatukuwa tumeonana kwa miaka saba. Yeye sasa ni muuguzi Kigoma, amenenepa, ana miwani. Mimi nakaribia arobaini na mvi zimeanza kunichungulia juu ya masikio. Alimega tonge, akalishika tu mkononi. "Zena," akasema, "unajua mama alikuwa akikuita nani kila tukiongea kwenye simu? Aliniuliza, yule mtoto wa makaratasi hajambo?" Nilicheka. Njia nzima ya kurudi Tabora nilikuwa nafikiria mwaka ule mmoja, tulipokuwa na miaka ishirini na nne, ambao hadi leo mtu akiniuliza kazi hii ya kuuza majarida ya zamani niliipata wapi, ndio ninaoanza kumsimulia, na mara nyingi siufikishi mwisho.

Mimi na Devota tulikuwa tunaishi chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, Tabora, nyumbani kwa Bi Nunu, mjane aliyekaanga maandazi uani kwake tangu alfajiri. Devota alikuwa akisoma uuguzi. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kutoa kopi karibu na stendi, hadi siku mwenye duka alipofunga akahamia Dar es Salaam na mashine zake, akaniachia asante na rimu mbili za karatasi. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi nne, meza ya Devota ya kusomea, na dirisha dogo lililofungukia juu ya karai la Bi Nunu, kiasi kwamba nguo zetu zote zilinuka mafuta na hiliki. Kupitia dirisha lile niliusikia mji wote. Wateja wakisubiri maandazi walizungumza ndoa, bei ya asali, treni iliyochelewa, nani amepata kazi na nani bado. Asubuhi moja nilimsikia mwanamke akiuliza, "Na yule mpangaji wako mwingine, siku hizi anafanya nini?" Bi Nunu akageuza maandazi yake kwanza. "Anatafuta," akajibu. Neno lile lilinichoma kuliko kama angesema sifanyi kitu. Mjomba wangu wa Usoke alikwisha kunipa muda: msimu mpya wa tumbaku ukianza na sina shughuli, nirudi nikamsaidie kwenye mabani ya kukaushia. Nilijua kazi ile. Niliifanya nikiwa mdogo, moshi unakuingia hata kwenye mate, na sikuwa na nia ya kuirudia.

Kilichonitoa pale kilianza na karanga. Nilinunua sokoni, muuzaji akachana ukurasa, akaukunja, akanifungia. Nikiwa natafuna nikaona kwenye kile kikaratasi nusu ya uso wa bibi harusi, na shela lake, na chini yake maneno ya Kiswahili cha miaka ya sabini, kile cha kuhimizana. Nikarudi. Yule mama alikuwa amekalia gunia zima. Kuna nyumba ilisafishwa mwenyewe alipofariki, akanieleza, na wajukuu wakaona hayo ni uchafu. Nikamwomba aniuzie yote. "Yote ya nini? Na wewe unataka kuuza karanga?" Nikamwambia nitampa rimu mbili za karatasi nyeupe, safi, ambazo hazijaguswa na wino. Akaniangalia kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo, akaniambia nizilete upesi. Jioni ile nilimwaga gunia juu ya kitanda, Devota akaingia na madaftari yake, akasimama mlangoni. "Tutalala wapi?" akauliza. Kwa siku nne tulilala chini, kitanda kikiwa cha majarida.

Mengi yalikuwa ya jarida moja la kila mwezi lililoitwa *Nguzo Yetu*. Lilikuwa na picha za mashamba, ngoma, timu za mpira, mapishi, barua za wasomaji waliogombana kwa adabu. Nilikuwa na simu moja ya tachi yenye ufa kwenye kioo. Nikajiunga mtandaoni na kundi la watu wanaokusanya magazeti ya zamani, nikapiga picha majalada kumi juu ya kanga, nikaandika kwamba yanauzwa. Sikutegemea kitu. Kesho yake niliuza mawili, na wiki ile matano mengine. Niliyafunga kwa magazeti na utepe, nikayapeleka posta nikiyabeba kama mayai. Bi Nunu aliwaambia wateja wake, "Mpangaji wangu anauza taka, na zinanunuliwa," na katika sauti yake nilisikia, kwa mara ya kwanza, kitu kama fahari.

Halafu mwezi wa tatu nikaitwa tapeli. Mwalimu mmoja mstaafu wa Moshi alikuwa amenunua toleo nililolieleza kuwa kamili, akalikuta halina karatasi ya katikati. Hakunipigia simu. Aliandika mbele ya kundi zima: jihadharini na binti wa Tabora. Nilisoma maneno yale nikiwa nimechuchumaa uani nikiosha vyombo, mikono ikiwa na povu, na watu niliowauzia wakaanza kuuliza mmoja mmoja kama na wao wameibiwa. Devota aliniambia nifunge ukurasa nifungue mwingine kwa jina jingine. Wengi hufanya hivyo. Nilikaa na wazo hilo kutwa nzima. Hata hivyo jina lile lilikuwa langu, na kosa lilikuwa langu pia, maana sikuwa nimehesabu kurasa. Nikamrudishia fedha zake zote, halafu nikampigia.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye yule binti wa Tabora."

"Marahaba. Umepiga kunitukana?"

"Hapana. Nimepiga uniambie jarida linauzwaje. Mimi nilikuwa nauza kama mtu anayeuza sabuni."

Nikasikia akipunguza redio nyuma yake. Kisha akaanza kunisomesha, na alinisomesha karibu saa nzima kwa vocha yake mwenyewe baada ya yangu kuisha. Hesabu kurasa mara mbili. Tazama pini kama zimeshika kutu. Taja doa kabla ya kutaja uzuri. Kama mtu ameandika jina lake ndani, usilifute, liseme. "Mnunuzi ambaye haoni kitu kwa macho yake," alisema, "anaona kwa mdomo wako. Usimpe macho mabovu." Nilitoa kila jarida nililobaki nalo, nikaanza upya. Nikaandika kasoro za kila moja, hata harufu ya mende. Mauzo yalipungua. Nikaendelea hivyo hivyo, kwa sababu sasa nilikuwa najua ninachofanya.

Mwezi wa sita akajitokeza mnunuzi mkubwa, mtafiti aliyekuwa akiishi nje ya nchi, aliyetaka *Nguzo Yetu* ya mwaka mmoja kamili, matoleo kumi na mawili. Bei aliyotaja ingenilipia fremu ya duka mwaka mzima. Mimi nilikuwa na tisa. Nikamwambia anipe hadi mwisho wa mwezi wa kumi. Basi nikaanza kuzunguka, njia zile zile za zamani zilizokuwa za misafara, ila mimi nilikuwa na mfuko wa plastiki na jina la jarida mdomoni. Nzega nililikuta toleo la nne kwa kinyozi mmoja, amelibandika lote ukutani. Nikakaa kutwa nikimsihi, akaingia stoo kwa uchovu wa kunisikiliza, akatoka na nakala nyingine ambayo hakuwahi kuibandika. Igunga nilipata la kumi na moja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, limewekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Nikamchongea mwenye mashine kipande cha mbao mwenyewe, meza ikasimama, akanipa jarida bure. Usoke nilikwenda pia, nikalala kwa mjomba. Tulikula ugali na uyoga wa kukausha, akanitazama nikipekua sanduku la jirani yake. "Zena," akasema, "unatafuta karatasi kama mtu aliyepoteza ng'ombe." Nikafunga sanduku. Toleo la tisa halikuwapo.

Mama Leokadia alikuja mjini mwezi wa tisa kutibiwa macho. Alikuwa mkulima wa tumbaku na mahindi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuja nchini na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto mdogo na kukulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Nilimpisha kitanda, mimi na Devota tukalala kwenye mkeka. Siku ya tatu, dawa za macho zikiwa zimeanza kufanya kazi, alinikuta nimepanga yale matoleo kumi na moja juu ya meza, na pengo moja katikati. Akainama, akagusa la nane kwa kidole.

"Hili lina mwenzake," akasema.

"Lipi, mama?"

"Lililofuata. Ninalo."

Jumamosi ile tulipanda basi watatu hadi kwake. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule ina picha ya Bikira Maria na viti vinne vya mbao, na hakuniruhusu niulize kitu hadi nile. Tulikula maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndizi, na dagaa. Ndipo akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe ambacho watoto wake wote walibatizwa nacho. Ndani yake lilikuwa toleo la tisa. Naomba niseme ukweli: kabla sijatazama kilichomo, nilihesabu kurasa. Zilikuwa zote. Pini hazikuwa na kutu. Lilikuwa jarida safi kuliko yote niliyopata kuyashika, isipokuwa ukurasa mmoja, ambao pembeni umelainika na kuwa mweusi kwa kushikwashikwa.

Ukurasa ule ulikuwa na picha ya wasichana sita wamesimama penye cherehani. Chini yake imeandikwa wasichana wa makazi wakijifunza ushonaji, bila jina hata moja. "Huyu mimi," alisema Mama Leokadia. "Huyu mdogo wangu, Imelda. Mwandishi alikuja siku moja tu, akapiga, akaondoka. Katekista ndiye aliyetuletea jarida kutoka Tabora. Lilipofika, Imelda tulikuwa tumemzika mwezi mmoja nyuma. Surua." Alipitisha kidole juu ya ile picha bila kuigusa. "Hana picha nyingine duniani." Kisha akakunja kitambaa, akaliweka jarida mapajani mwangu. "Chukua. Ulinipa kitanda chako."

"Mama, hapana."

"Halifai?"

"Linafaa mno."

"Basi chukua. Huyu mtoto amekaa ndani ya sanduku miaka yote hii. Nani amemwona? Mimi, na macho yangu yenyewe yanakwisha."

Nililala na jarida lile pembeni ya kichwa na sijui kama nililala. Nataka kusema kwamba nilijua mara moja la kufanya, na watu ninaowasimulia hupenda iwe hivyo. Sikujua. Fremu ile nilikuwa nimeshaiona, mtaa wa pili kutoka sokoni, yenye mlango wa bluu, na nilikuwa nimeshapima kwa hatua mahali pa kuweka rafu. Nilijiambia kwamba mwenyewe amenipa, kwamba kukataa zawadi ya mtu mzima ni utovu wa adabu, kwamba mtafiti angelitunza kuliko panya wa Ulyankulu. Yote yalikuwa kweli. Asubuhi nilimkuta Mama Leokadia jikoni akichochea uji, nikapiga magoti, nikamrudishia kwa mikono miwili. Nikamwambia sitalichukua, ila namwomba ruhusa nipige picha ule ukurasa, na aniambie majina, yote anayoyakumbuka, niyaandike, nimtoe Imelda sandukuni kwa njia hiyo. Alinitazama, mwiko ukidondosha uji majivuni. Alikuwa ameudhika, nadhani. Halafu akavuta kigoda. "Andika," akasema. "Wa kwanza kushoto ni Veronika."

Devota ndiye aliyenikasirikia kweli. Tulipofika Tabora, pale pale stendi, akaweka begi chini. "Utarudi Usoke kwa ajili ya picha moja? Mama yangu amekupa kwa moyo wake. Unajifanya nani?" Nikamwambia nitalipata jingine. "Na usipolipata?" Nikamwambia basi nitaeleza kwamba ni kumi na moja, na kasoro nitaitaja kwanza. Akachukua begi lake akatangulia. Mnunuzi nilimwandikia siku hiyo hiyo. Alijibu kwa adabu kwamba asiye na yote kwake ni sawa na asiye na kitu, na kwamba amepata mtu mwingine. Mistari mitatu. Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, nikasikia dirishani Bi Nunu akimwambia mteja, "Leo mwache. Amepata jibu baya." Nikatoka nje nikamsaidia kukanda unga, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu cha kukanda.

Ile picha niliiweka mtandaoni na majina manne kamili, na mawili ya utani tu, maana wale Mama Leokadia hakuwahi kuwajua kwa jina la ubatizo. Nikaandika kwamba haiuzwi. Kwamba anayemfahamu yeyote kati ya hawa aniandikie. Ikakaa wiki tatu, ikapata watu wawili wa kuisifia. Mvua za kwanza zilianza, mjomba akanipigia kuuliza kama nimeshafunga mizigo, nikamwambia bado sijafunga, na sifungi. Nilianza kuyauza yale kumi na moja, moja baada ya jingine, kila moja na maelezo yake, na safari hii niliandika pia nani yumo ndani: timu gani, kwaya gani, kijiji gani. Ndipo yule mwalimu wa Moshi, bila kuniambia, akaichukua ile picha ya wasichana sita akaisambaza kwenye makundi yake yote, na juu yake akaandika: binti huyu nilimkosea haraka, maneno yake yanaaminika, isomeni. Siku tano baadaye nikapata ujumbe kutoka Bujumbura. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa rika langu, Kiswahili chake kimenyooka. Wa kwanza kushoto, alisema, ni mama yangu. Yupo hai. Alirudi huku nikiwa sijazaliwa. Amekaa hapa kando yangu na amegoma kuniachia simu.

Ulyankulu siku zile mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shamba la mahindi la Mama Leokadia. Tulipanda pale alasiri, mimi, Devota na mama yake, ambaye alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Devota alikuwa ameanza kuzungumza nami tena, kwa maneno ya lazima. Nilipiga, nikaweka sauti kubwa, nikampa Mama Leokadia simu. Walizungumza Kirundi. Mwanzoni hawakuzungumza, walitajana majina tu, mara nyingi, kama watu wanaogonga mlango. Devota akanitafsiria sikioni: anauliza habari za watoto, anauliza kama kisima bado kipo. Kisha ikasikika sauti ya upande wa pili ikiuliza kitu kifupi, na Devota akaacha kutafsiri.

"Amesema nini?"

"Anauliza Imelda ameolewa wapi."

Veronika alikuwa ameondoka kwenye makazi kabla ya ule ugonjwa. Kwa miaka thelathini na kitu Imelda alikuwa hai kichwani mwa Veronika huko Bujumbura, mwanamke mzima, na pengine na wajukuu. Mama Leokadia alikaa chini kwenye ule udongo na kitenge chake cha kanisani, akamweleza. Nilitaka kushuka niwaache, Devota akanishika nguo. Simu ilitoa kilio, na mama naye akalia, kilio cha msiba mpya, na mimi nikawaza kwamba nimefanya kosa kubwa kuliko lile la karatasi ya katikati. Kisha Veronika akasema jambo jingine, taratibu, akivuta pumzi. Na Mama Leokadia akacheka, machozi yakiwa bado yanamtiririka, akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie:

"Anasema gauni alilovaa Imelda pichani lilikuwa lake. Lilikuwa la pekee lenye kola. Imelda alimwomba asubuhi ile amwazime, ili apendeze, na Veronika akasimama nyuma ya cherehani kwa sababu yeye alikuwa amevaa shimizi." Alijifuta kwa upindo wa kitenge. "Miaka yote naitazama, na sikujua."

Sikurudi Usoke. Fremu niliipata baada ya miaka miwili, si ile yenye mlango wa bluu. Kati ya wasichana sita, wa nne tulimpata Mpanda, mjane mwenye duka la vitambaa, na wa tano tulionyeshwa kaburi lake. Wa sita, yule aliyesimama mwisho kulia ameuma mdomo kuzuia kicheko, Mama Leokadia alimjua kwa jina la Kadogo tu, na alipokuwa hospitali mwaka huu alimwambia Devota aniulize nimefikia wapi. Nilimjibu kwamba nimeziandikia parokia tatu kuulizia vitabu vyao vya ubatizo, na zimebaki mbili. Juzi nimeiandikia ya nne.